Kopo la Chai ya Maxwell

"Sijawahi kumkamata asiyehusika," alisema Inspekta Dishon akipokea kikombe, "na chai hii haitapoa kabla sijamtia mwizi pingu."

Aliyasema hayo amesimama ofisini mwa meneja, katika kiwanda cha kupakia chai huko Changamwe. Kabati lilikuwa wazi, kitasa kimevunjwa. Kopo la chai mpya ya viungo, ambalo wanunuzi wangeonjeshwa adhuhuri hiyo, halikuwepo. Na lilikuwa hilo hilo moja tu.

Meneja Maxwell alikuwa amefura kama andazi lililozidi hamira.

"Ni hawa wa atachi," alisema. "Wanafunzi wa biashara. Unawapa nafasi wajifunze kazi, wanakuibia."

Konstebo alipuliza unga wake kabatini. Alama za vidole zilijaa tele, zote za wanafunzi. Si ajabu. Biashara waliyofunzwa tangu waje ilikuwa kufuta vumbi, kuosha vikombe na kumchukulia meneja suti zake kwa dobi.

Shahidi alikuwa Bonface, bawabu, ambaye ndiyo kwanza atoke Bungoma na pwani hajaizoea.

"Stima zilipotea wanafunzi wakiingia, kukawa giza," alieleza. "Nikasikia kitu kinavunjika humu. Nikaita, 'Wewe dada.'"

"Ulijuaje ni dada?"

"Viatu, afande. Vilikuwa vinalia ko, ko."

"Akafanyaje?"

"Akataja jina. Akasema Abii. Halafu akatoroka."

Inspekta alicheka, akapiga funda. Mwizi anayejitambulisha ni mwizi wa kuombewa dua.

"Kuna Abi hapa?"

"Abigael," alisema Maxwell, haraka kidogo. "Yule mwenye mdomo."

Abigael, msichana wa Chaani, aliletwa.

"Wenzako wanakuitaje?"

"Abi."

"Basi."

"Basi nini, afande? Wewe ukienda kuiba hutaja jina lako?"

Inspekta alimjibu kwa kumfunga pingu.

"Atachi ikifutwa narudia mwaka mzima," Abi alisema.

"Imeshafutwa," alisema Maxwell.

Chai ilikuwa bado moto. Inspekta aliimaliza, akamtuma konstebo jikoni alete kikombe cha pili. "Tamu kuliko ya nyumbani," alisema, akilamba midomo. "Anayeipika ni nani? Naye aje aandikishe taarifa."

"Jalila. Mwanafunzi pia."

Inspekta alipokea kikombe cha pili, akaelekeza uso jikoni, akaita.

"Abee," sauti ikaitika.

Kikombe kilikwama midomoni. Bonface aliruka pale mlangoni. "Ndiye huyo, afande. Ndiye Abii."

Masikio ya Inspekta yalichemka. Miaka yote amesikia abee kivukoni, sokoni, hata kwa jirani yake ukutani. Msichana aliyelelewa pwani akiitwa, huitika hivyo. Na yeye alilichukua itikio, akalifanya jina, akalifunga pingu.

Jalila aliingia, viatu vikilia ko, ko. Macho yake yalitua mikononi mwa Abi.

"Mfungueni," alisema. "Ni mimi."

"Kwenu wapi?"

"Likoni, Shika Adabu."

"Basi adabu imekushika."

Hakucheka hata mmoja.

"Kwa nini uliiba?"

"Sikuiba. Chai ile ni yangu. Niliichanganya jikoni kwetu, nikamletea huyu meneja na mpango mzima, nani atainunua na itauzwaje. Akaniambia mwanafunzi hana jina hapa, nikaoshe vikombe. Jana nikaliona kopo. Lina picha yake, ameshika kikombe nilichokiosha mimi. Wallahi, damu ilinichemka."

"Uongo," alisema Maxwell. "Nimeibuni mwenyewe."

"Mna nini ndani?" Inspekta aliuliza.

"Viungo."

"Viungo gani?"

"Hiyo ni siri ya kampuni."

"Siri hata kwako?"

Maxwell alitazama dari.

"Mchaichai, iliki na maganda ya chungwa," alisema Jalila. "Na maganda huanikwa kivulini. Chuoni walituambia atachi ni mlango wa kazi. Mlango kweli. Ila sisi ndio kitambaa cha kupangusia viatu."

"Na kopo liko wapi?"

Jalila alikitazama tu kikombe kilichokuwa mkononi mwa Inspekta. Inspekta alikitua mezani polepole, kama kinachoweza kulipuka.

Adhuhuri wanunuzi walifika, wakauliza mna nini kwenye chai. Maxwell akakohoa. Mkurugenzi wa kiwanda akamrudisha Abi kazini kwa simu, bila hata samahani.

Jioni, kituoni, Inspekta alisimama mbele ya mkuu wake, Bi Mwanatatu. Jalila alikuwa kwenye benchi. Abi, vifundo vya mikono bado vyekundu kwa pingu, alikuwa amekuja kutia sahihi taarifa yake.

"Neno lile abee nililitilia shaka tangu mwanzo," Inspekta alisimulia, kifua mbele. "Nikatega mtego, nikamwita."

"Vizuri. Kielelezo kiko wapi?"

"Mshukiwa alikiharibu, bosi. Hakikupatikana."

"Kilipatikana," alisema Abi.

Bi Mwanatatu aliinua uso. "Wapi, mwanangu?"

"Jalila alikichemsha chote kwenye sufuria ya wafanyakazi. Huyu afande alikunywa, akatuma aongezewe, akasema ni tamu kuliko ya mkewe. Nilikuwa pale pale, mikono imefungwa."

Bi Mwanatatu aliweka kalamu chini. "Dishon, nimshtaki huyu binti kwa kielelezo kilichomo tumboni mwako?"

Inspekta alilifunika tumbo kwa kofia.

"Tulikusikia hadi nje ukisema chai haitapoa," Abi alimwambia. "Ni kweli. Haikupoa, afande. Uliimaliza."