Picha ya Kipkurui Juu ya Bati la Phyllis

"Mpe simu."

"Nimpe nani?"

"Phyllis, usinichezee. Mpe Kipkurui simu niongee naye."

"Lynn, Kipkurui hayuko hapa. Niko jikoni na mamangu, mvua inanyesha, sijaona mtu."

"Hayuko hapo na mimi namwona! Namwona hivi na macho yangu, yuko juu ya nyumba yako!"

"Juu ya nyumba? Anapigilia mabati kwa mvua?"

Hapo Lynn Wahu akafungua mdomo, na mdomo wa Lynn ukifunguka, wapangaji wa pande zote mbili hujua. Yaliyotoka siwezi kuyaandika yote, maana hata shangazi yangu hunisoma hapa. Lile la heshima kuliko yote lilikuwa malaya.

"Sawa. Umemaliza," Phyllis akasema, akakata.

Lynn alibaki amesimama katikati ya duka lake la mapazia pale Kericho mjini, macho kwenye simu. Kwenye ramani, kile kipicha kidogo cha mchumba wake kilikuwa huko Sigowet, juu ya boma la Phyllis, na kilikuwa hapo tangu mvua ianze. Na Phyllis si mtu baki. Phyllis ndiye aliyekuwa aolewe na Kipkurui kabla Lynn hajajulikana.

Nyinyi mtauliza, Lynn alijuaje Kipkurui yuko wapi? Basi sikilizeni. Kipkurui ni daktari wa ng'ombe, yeye na pikipiki yake, boma hili mpaka lile. Mwezi wa nne Lynn alikuta meseji ya Phyllis kwenye simu yake: "Asante kwa kuja jana, Mungu akubariki." Jamaa alikuwa ameenda kuzalisha ng'ombe, ndama amekaa vibaya, lakini akaogopa kumwambia Lynn ni ng'ombe wa nani. Lo! Nusura uchumba uishe siku hiyo. Lynn alisamehe kwa masharti mawili. La kwanza, lokesheni ya simu iwe wazi kwake mchana na usiku. La pili, alijirekodi kwa sauti yake, akaweka kwenye simu ya Kipkurui, ili kila akimpigia, mwanamke yeyote aliye karibu asikie: "Kipkurui, shika simu! Ni Lynn, bibi yako!"

"Umenifunga kengele kama ng'ombe," Kipkurui alilalamika.

"Basi tembea nikikusikia," Lynn akamjibu.

Leo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wazee wa kina Kipkurui walikuwa waje kwa kina Lynn kuongea mahari. Mbuzi alikuwa amenunuliwa, mahema yamelipiwa, na bwana harusi mtarajiwa amejificha mvua kwa mwanamke wa zamani!

Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Kisha akaanza kuandika, vidole vinapiga kioo kama vinakichukia.

"Shika simu."

"Nakuona uko kwa nani."

"Waambie wazee wenu wasije Jumamosi. Hapa hakuna bibi."

Hiyo ya mwisho aliituma huku analia. Akavua pete, akaitupa kwenye droo ya mikasi.

"Mami, ni nini?" Mzee Mbuthia, babake, alikuwa mlangoni. Duka lake la hadiwea, la misumari na mabati, liko ukuta kwa ukuta na la Lynn, alikuwa amesikia kila kitu. Alimwita Mami kwa sababu Wahu ni jina la mama mzazi wa huyo mzee.

"Ni huyo mtu wako uliyesema ana adabu! Ona mahali yuko!"

Mzee akavaa miwani, akashika simu mbali kidogo na uso. Akaangalia sana.

"Huyu kijana anaruka mto?"

"Nini?"

"Alikuwa hapa kwa nyumba. Sasa yuko ng'ambo, kwa majani chai. Hapo hakuna daraja, Mami. Mimi nimetoa mbao huko miaka mingi, hapo ni korongo, na mto sasa umejaa. Ona, amerudi tena kwa nyumba. Mtu anavuka hivyo akiwa na mabawa?"

Lynn alimnyang'anya simu. Kipicha kiliruka tena mbele ya macho yake, kutoka kwenye bati la Phyllis mpaka katikati ya mto, kikakaa hapo, kikaruka tena. Na kukizunguka palikuwa na duara kubwa la bluu iliyofifia. Duara hilo halikuwa geni. Mwezi wa sita kipicha kilimweka Kipkurui ndani ya baa, na yeye akaapa alikuwa stoo ya dawa za mifugo, chini ya miti. Walikaa kwa kochi akimweleza.

"Simu inatafuta setilaiti huko juu, Lynn. Mahali pakiwa wazi inaziona vizuri. Ikifunikwa na miti, ama ikiwa chini bondeni, inakisia tu. Hii picha ni kukisia. Ukweli ni hili duara: niko mahali fulani humo ndani."

"Duara kubwa hivyo, na wewe ukachagua kukaa baa!"

Alimcheka siku hiyo. Aliona ni uongo wa mtu aliyesoma. Sasa alivuta ramani kwa vidole viwili, akaona duara limefunika boma la Phyllis, na kona ya barabara, na mteremko wote, na mto, na majani chai ya ng'ambo. Pikipiki haishuki huko, na simu haishikwi.

"Baba, hayuko kwa nyumba. Yuko bondeni. Baba, ameanguka!"

"Chukua koti. Twende."

Pikapu ya mzee ilitoka mjini wiper zikipiga na bado kioo hakionekani. Lynn alipiga namba ya dharura. Mwanamume akapokea.

"Uko wapi, madam?"

"Si mimi, ni mchumba wangu. Sigowet, chini ya barabara, sijui panaitwaje. Kuna mto."

"Mito ni mingi, madam. Tuma lokesheni."

"Natuma. Lakini tafadhali, msiende kwa nyumba! Picha inadanganya. Angalieni duara, sehemu ya chini, mtoni!"

"Sawa, gari linatoka. Kuna mtu karibu naye?"

Mtu karibu naye. Woi, Lynn! Mtu wa karibu alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa ametukanwa vizuri.

Akampigia Phyllis. Simu ikaita, haikushikwa. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu ikakatwa hata kabla haijaita vizuri.

"Baba, hashiki! Hashiki!"

"Na wewe ungeshika?" mzee akauliza, macho barabarani.

Lynn akaandika huku gari likirukaruka: "Phyllis nisamehe. Usinisamehe ukitaka. Lakini Kipkurui ameanguka kwa korongo chini ya kwenu, simu yake iko huko na haongei. Mimi niko mbali. Wewe ndio uko karibu. Nakuomba kwa magoti."

Akaangalia ramani. Chini ya kipicha palikuwa pameandikwa chaji iliyobaki kwenye simu ya Kipkurui: asilimia sita. Na ni nani aliyeimaliza chaji hiyo, kama si yeye na simu zake zote za matusi?

Simu yake ikalia.

"Umesema korongo?" Phyllis alikuwa anahema, tayari anakimbia. "Weei! Mbwa wetu amebwekea huko tangu mvua ianze, nikadhani ni nguruwe mwitu. Nimeita majirani. Lakini mto unanguruma, Lynn, hata nikipiga nduru mimi mwenyewe sijisikii."

"Ngoja nimpigie, mtasikia simu ikiita!"

"Ile ya Ni Lynn, bibi yako?"

"Umeijuaje?"

"Si ilimshtua ng'ombe wa jirani mwezi wa tano! Lynn, iko na chaji?"

"Asilimia nne."

"Basi usipige. Unasikia? Bado tuko juu, hapa hatutasikia kitu. Ukipiga sasa itazima bure. Ngoja tushuke mpaka majini, nikikwambia ndio upige. Nipigie na simu ya mtu mwingine, hii yako uiache kwa hiyo kazi."

Wakahamia kwenye simu ya Mzee Mbuthia. Lynn akaishika sikioni kwa mkono mmoja, yake kwa mkono mwingine, namba ya Kipkurui iko tayari kwenye kioo. Kidole kiliwasha. Mwanamke aliyempigia mwanamume mchana kutwa bila kupumua, sasa anaambiwa asipige. Alikiuma kile kidole mpaka meno yakaacha alama.

"Phyllis? Mmefika?"

"Bado. Matope. Kuna mahali pikipiki imeburuza, nimeona alama! Ni kweli, Lynn, ameingia huku."

"Ngai! Asilimia mbili, Phyllis!"

"Usipige!"

"Na ikizima?"

"Usipige, mama! Nishike huu mti kwanza..."

Kisha ukasikika mto tu, mkubwa, unanguruma ndani ya simu. Lynn hakuweza hata kuomba. Alisema tu jina lake, Kipkurui, Kipkurui, mpaka babake akaweka mkono mmoja begani mwake na kuendesha kwa ule mwingine.

"Sasa!" Phyllis akapiga kelele. "Sasa, Lynn! Piga!"

Akapiga. Kwenye sikio moja ilikuwa inaita. Kwenye sikio lile lingine, kupitia simu ya Phyllis, alisikia mto, mto, halafu mbali kabisa, nyembamba, akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka porini: "Kipkurui, shika simu! Ni Lynn, bibi..."

Ikakatika. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

"Phyllis! Mmesikia? Phyllis!"

Kelele za wanaume kwa Kikipsigis. Kitu kizito kimeanguka majini. Kisha Phyllis, analia na kucheka.

"Yuko! Pikipiki imemlalia mguu, maji yamemfika kifuani, lakini anapumua. Lynn, ananiangalia! Anauliza kama yule ng'ombe wa mzee jirani yetu, aliyekuwa anakuja kumzalisha, amezaa!"

Lynn aliinamisha kichwa kwenye dashibodi akalia kwa sauti, bila aibu, kama mtoto.

Pikapu ilipofika, ambulensi ilikuwa imewatangulia kidogo. Kipkurui alishapakiwa, midomo ya bluu, amefunikwa blanketi za kina Phyllis. Phyllis mwenyewe alikuwa amesimama barabarani, matope mpaka nywele. Lynn akamwendea.

"Nilikuita..."

"Nilisikia ulichoniita," Phyllis akasema. "Na sijasahau. Jumamosi nitakuja kwenu nile nyama mpaka hasira iishe."

"Kongoi," Lynn akamshukuru kwa neno moja la Kikipsigis alilokuwa nalo, akamkumbatia na matope yake yote.

Kesho yake mchana Kipkurui alikuwa wodini, mguu ndani ya plasta. Simu yake ilikuwa imeokotwa, imekaushwa, imechajiwa. Lynn aliishika mapajani kama mtu aliyeshika kitu cha kumuuma.

"Nilikuwa naisikia," Kipkurui akasema, sauti imekauka. "Iliruka mfukoni ikaangukia kichakani, naiona na siifikii. Maji yalikuwa baridi, Lynn. Nikaona nilale tu. Halafu unapiga. Nasinzia, unapiga tena. Nikasema, huyu mama ananitafuta, siwezi kulala."

Lynn angenyamaza hapo, angebaki shujaa. Wangapi wetu wangenyamaza? Lakini Lynn, pamoja na mdomo wake wote, hakuzaliwa na uongo.

"Sikuwa nakutafuta," akasema. "Nilikuwa nakupigia nikutukane. Nilijua uko kwa Phyllis. Ulikuwa unakufa na mimi natukana." Akampa simu. "Soma."

Akasoma. Alisoma polepole, mpaka ya mwisho. Lynn alihesabu vigae vya sakafu kwa sababu hakuweza kumtazama.

"Kutukanwa nilijua," Kipkurui akasema mwishowe. "Mtu anayekutafuta kwa upole hapigi namna ile. Nilisema nikifa hapa, huyu atanifuata ng'ambo tuendelee. Lakini hii ya wazee, Lynn. Hii imeniuma."

"Najua."

"Imeniuma kabisa."

"Inaniuma pia. Kipkurui, zima hiyo lokesheni. Leo, sasa hivi. Sitaki kukuchunga tena. Na wazee wenu wakikataa kuja, nitaelewa."

"Wazee watakuja. Mguu wangu ndio hautakuja." Alikuwa anabonyeza simu. "Na pete iko wapi?"

"Kwa droo ya mikasi."

"Uivae ukifika dukani."

Simu ya Lynn ikatetemeka. Akatazama: Kipkurui anaomba kujua mahali ulipo.

"Nilisema uzime yako."

"Yangu siizimi, imeniokoa. Lakini tangu mwezi wa nne wewe unaniona na mimi sikuoni. Nimechoka kuvaa kengele peke yangu."

Lynn akafuta machozi kwa kiganja, akabonyeza kukubali. Kipkurui akaisubiri ramani ifunguke, akaitazama, uso ukabadilika. Akamgeuzia kioo. Chini ya paa la zege la wodi simu zilikuwa zimekisia tena: picha zao mbili zilikaa nje ya geti la hospitali, ng'ambo ya barabara, juu ya kibanda cha matunda.

"Sasa, Wahu," akasema, mkali kama polisi, "hebu nieleze. Wewe unafanya nini kwa muuza ndizi?"