Jibu la Mwanangu

Nilimnyang'anya karatasi mkononi, nikamwita mwizi mbele ya watu.

Bibi mzima mimi, wajukuu zangu wa mtandaoni, nusura nivue kiatu.

Ngojeni niwaambie.

Kila Jumamosi sisi wahamiaji tunakutana ukumbi wa maktaba. Tunachora, tunashona, tunaandika tuliyopitia. Mimi nilikuwa nikitarizi kitambaa: "Mwanangu alinisahau."

Binti yangu alitangulia ughaibuni. Mwaka wa kwanza alinipigia simu, kisha miaka mitano kimya. Nikamfuata, nikamtafuta, nikachoka. Nikasema basi, kapata vyake, kaniacha kwenye mataa.

Siku hiyo akaja mgeni, mfuaji wa nguo hospitalini. Akasimama na karatasi yake.

"Kitendawili."

"Tega," tukaitika.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" Nani asiyelijua hilo?

"Hapana. Mama amelala."

Watu wakacheka. Mimi nikamrukia, nikampokonya ile karatasi.

Jibu hilo ni la binti yangu. Alikosea hivyo akiwa na miaka minne, maana nikilala mchana alikosa wa kumfungulia. Tulilicheka sisi wawili tu, chumbani kwetu, mpaka akawa mtu mzima.

"Umelitoa wapi, mwizi wewe?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama, binti yako ulimwitaje nyumbani?"

"Kijiko. Kwa kukonda."

Akaketi sakafuni palepale.

"Tulifua pamoja, tukalala chumba kimoja. Simu yake iliibwa, namba yako akaikumbuka nusu. Halafu mapafu yakamshika. Wiki tatu tu..."

"Yuko wapi?" Niliuliza, na nilishajua.

"Mwaka wa tano huu, mama. Aliniachia kazi ya kukutafuta; alijua ungemfuata huku."

"Si ungetaja jina lake?"

"Nilitaja. Wenye jina hilo wengi, wakaja akina mama wanalia, kumbe si wao. Ndipo nikaanza kutega hiki. Huu ni ukumbi wa kumi na moja. Kote wanacheka. Nilikuwa namtafuta atakayekasirika."

Wajukuu zangu, miaka mitano nimemsema marehemu. Nimemsema kwa majirani, nimemsema hata kwenye maombi.

Mtu wako akinyamaza, usiseme amesahau. Uliza kwanza nani alimwona mwisho.

Yule mfuaji sasa ananiita mama. Namwitikia...

Ila kila mara nachelewa kidogo.