Chumba cha Umwali

Kuku ndiye aliyetangulia. Mama Mukankusi alimkuta asubuhi chini ya kitanda cha mke wa mwanawe, amekufa, hana hata jeraha.

"Umwali amerudia," alinong'ona.

Umwali alikuwa mke wa kwanza wa Kabera, mwanawe. Alifia katika chumba hicho hicho, yeye na kichanga chake kifuani, wakati wa mvua, na watu wakasema amerogwa. Sasa Annonciata, mke wa pili, alikuwa amejifungua na analala mle mle. Jamani, nani asingeogopa?

Kila akilala, Annonciata aliumwa kichwa, akatapika, miguu ikawa mizito. Akitoka uani kuota jua, alipona.

"Mama, kuna muntu ananikalia ku kifua. Na mutoto anakataa ziwa."

"Njo yeye Umwali, binti yangu. Anakuonea wivu."

Mukankusi alimpenda msichana yule, tusimsingizie. Baridi ya Nyamitaba, kule milimani kwao, ni kali, na mzazi hatakiwi kupigwa na baridi. Kila siku alijaza makala, yaani mkaa, kwenye mbabula, jiko la bati, akapuliza mpaka yakaiva mekundu bila moshi, kisha akaiweka karibu na kitanda.

Alipoitwa Sebarenzi, mtumishi wa Mungu, kuombea nyumba, alikagua kuta. "Pepo inapitia hapa. Muzibe matundu yote."

Wakaziba dirisha kwa blanketi, mianya ya chini ya paa kwa udongo, mlango kwa magunia, wakajifungia humo mchana, mvua ikipiga mabati, Mukankusi akaongeza makala ili mzazi asitetemeke, na Sebarenzi akakemea, "Umwali, toka kwa jina la Yesu! Toka!" mpaka masikio yao yakaanza kuvuma, wimbo waliouimba ukalegea, Annonciata akaacha kuitikia amina, kilio cha mtoto kikawa chembamba, chembamba, kikakatika, mtumishi mwenyewe akaanguka kifudifudi, na Mukankusi alipotaka kusimama akahisi kitu kinamkandamiza mabega chini.

Kabera alikuwa anatoka kwa ng'ombe. Alipobisha na kusikia kimya tupu mle ndani, alivunja mlango kwa bega, akamtoa mtoto kwanza, kisha wengine, akawalaza kwenye mvua.

"Lia, papa, mutoto wangu! Lia, nakuomba!"

Mtoto akalia. Kabera naye akalia kwa sauti.

Majirani waliwabeba kwa vipoyi, machela za miti, mpaka hospitali, na huko wagonjwa wakawekewa hewa ya oksijeni. Walipozinduka wote, muganga wa hospitali akauliza, "Mulikuwa na moto mu nyumba?"

"Makala tu," Mukankusi alijibu. "Haikukuwa na moshi."

"Mama, sumu ya makala haionekane, haina harufu. Mbabula ibakie inje. Kichwa ikianza kuuma watu mu nyumba, mutoke wote mbio, muache mulango wazi, mukuye hapa ku hospitali. Ile haikukuwa pepo."

Mukankusi akamgeukia Kabera.

"Umwali pia nilimuwashia mbabula," alisema. "Mimi mwenyewe. Kila siku. Na leo tumemufukuza kama mbwa."

Kabera alikuwa amempakata mtoto. Aliinuka, akampita mama yake, akatoka nje na mtoto wake.