Jiko la Miguu ya Paka

Hebu kaa. Kama una sufuria motoni kaiepue kwanza, tusije tukakatizana katikati. Habari hii haitaki mtu wa mguu ndani mguu nje.

Ilianza na kitu kidogo tu. Fundi mmoja, mtaani walimwita Kutu kwa rangi ya kucha zake, aliingia jikoni kwake asubuhi akaweka mkono juu ya jiko alilolifunga jana yake. Lina joto. Sio moto, joto tu, kama la kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Na mtungi wa gesi ulikuwa bado uko barazani, mpira haujaunganishwa, regyuleta anayo mwenyewe mfukoni.

Akajiambia ni jua. Dirisha la jikoni lile halipati jua asubuhi, na aliyelitoboa ni yeye.

Kutu kazi yake ndiyo hiyo, majiko ya zamani. Unajua watu wenye nyumba zao: wanabomoa jikoni kote, wanaweka vigae vipya, makabati mapya, sinki linang'aa kama jino la dhahabu, halafu katikati ya upya wote huo wanataka jiko zito la chuma la enzi za mabibi. Kutu ndiye wa kulitafuta, kulikwangua, kulitia mabomba mapya na kulifunga. Amezifungia nyumba za watu mpaka mgongo ukapinda. Kwake sasa? Mke wake alipikia jiko dogo la plate moja, limeegemezwa tofali lisidondoke. Yule mwanamke hakuwa mlalamikaji, alikuwa mtani. Kutu akipoteza kiberiti, na alipoteza kila siku, mke alimwambia kilipo bila hata kugeuka. Akimaliza anamchokoza kwamba jiko lake yeye atafungiwa akishakufa. Wanacheka wote wawili.

Akafa kweli. Homa tu, wiki haikuisha. Utani ule ukabaki mle ndani, hauna mwenyewe.

Binti yao, Pengo, meno ya mbele yalikuwa yameng'oka hata kabla ya msiba, akapelekwa kwa bibi yake mzaa mama. Huko akagoma kula. Anatia tonge mdomoni, analificha shavuni mpaka linapoa, analitema. Daktari alimpima, akasema mwili hauna kitu, mbembelezeni. Wakambembeleza. Mtoto akakonda mpaka shingo ikawa kama ya kifaranga. Mwisho bibi akasema atamrudisha kwa baba yake, wahamie wote wawili, ila Kutu apabadilishe jikoni kwanza, kwa sababu mtoto akikuta kila kitu mama alivyokiacha watamzika na yeye.

Kutu akabomoa. Akapaka rangi, akapiga vigae. Na jiko akalipata kwenye nyumba iliyokuwa inavunjwa, mwenyewe hajulikani: rangi ya maziwa, mlango wa oveni una mpini wa shaba, miguu minne iliyopinda kama ya paka anayetaka kuruka.

Sasa sikia. Mafundi wa majiko hayo wana kitu wanaita kuchoma tupu. Jiko lililopikiwa na watu usiowajua haliingii ndani hivi hivi. Unaliweka uwanjani, unaliwasha lote, halina kitu ndani, mpaka mafuta yao ya zamani yaliyogandia yaishe: moshi unatoka mweusi, unakuwa kijivu, unakwisha. Kutu hajawahi kuiruka hatua hiyo kwa mteja yeyote, hata anayemharakisha. Ila siku hiyo alifungua oveni, ikamjia harufu. Kitunguu, mkate wa moto, na nyuma yake kabisa sabuni, sabuni ile ile ya kitambaa cha kichwa cha mkewe. Akaufunga mlango upesi, kama mtu anayezuia ndege asitoke.

Hakulichoma.

Mtoto akaja. Asubuhi iliyofuata juu ya meza kulikuwa na mkate, wa mviringo, bado unatoa mvuke, na Pengo ameuinamia anakula kwa mikono miwili, makombo mpaka kwenye nyusi. Kutu alisimama mlangoni akalia kimya kimya. Akadhani bibi kaamka mapema. Bibi naye akamshukuru mkwewe kwa kujifunza kuoka. Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuuliza zaidi, na mkate ukawa unakuja kila siku, na wao wawili wakawa wanamega vipande. Ungekula na wewe, mtoto wako ananenepa.

Halafu vitu vikaanza kupungua.

Kwanza ule wimbo. Mama alikuwa anamwimbia Pengo akimsuka, wimbo wa kujitungia, wa kuku aliyepoteza kiatu. Bibi akaanza kuuimba, Pengo akasikiliza kama redio ya jirani, na kabla ya mstari wa pili bibi mwenyewe akakwama. Ukawa haupo. Kisha Kutu, yuko kazini anafunga bomba la mtu, akajaribu kuikumbuka sauti ya mkewe akashika hewa. Akakumbuka kwamba alikuwa mtani, lakini utani wenyewe ulikuwaje? Akaahirisha kazi ya watu, akarudi mbio, akashusha picha ukutani.

"Pengo, huyu nani?"

Mtoto akaitazama vizuri, kwa adabu, kama anayetambulishwa mgeni. "Mzuri," akasema. "Ni shangazi?"

Jioni hiyo mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na bibi alikuwa amemlaza mtoto chumbani, na Kutu, aliyelowa akifunga madirisha, akiwa sebuleni na picha magotini akasikia jikoni sufuria ikisogezwa polepole, kwa uangalifu, kama anavyosogeza mtu asiyetaka kuamsha watu, halafu akasikia mtu anaimba kwa kufunga mdomo, wimbo wa kuku na kiatu, wote, mpaka mstari wa mwisho, akainuka akaenda akishika ukuta huku harufu ya kitunguu na sabuni ikimwingia puani nzito mpaka machozi yakamtoka, na alipofika mlangoni akaona mlango wa oveni uko wazi na ndani hakuna moto, kuna giza tu linalopumua, linapanda na kushuka, na kutoka kwenye giza lile ikaja sauti aliyoitafuta siku nzima, sauti yenyewe, na kile kicheko chake cha puani, ikamwambia, "Kutu, umelowa. Njoo ule."

Alianguka pale pale kwenye vigae vyake.

Kesho yake akamleta mama mmoja muuza ndala anayejulikana kwa kutoa majini. Mwanamke mnene, maneno machache. Alinusa oveni, akakwangua mafuta meusi kwa ukucha, akaupangusa kwenye gauni.

"Hukulichoma," akasema.

"Sikulichoma."

"Sasa jini limo, na lina njaa. Linakulisha unachokikosa, linakula unachokijua. Likimmaliza mama, litaanza na wewe. Mtoto atanenepa, atacheka, na hatamjua mtu."

Kutu akauliza kama akilichoma sasa, vile vilivyoliwa vitarudi. Yule mama akamwita bibi kwa mkono asogee karibu.

"Vimegandia humo humo kwenye mafuta. Vitatoka na moshi, na vilivyobaki kwenu vitafuata. Mtoto atapona, atakula chakula cha watu. Ila mama yake hamtakuwa naye tena, hata wa kumlilia. Mtakuwa na picha ya mwanamke."

Bibi akamshika Kutu mkono. Hakupaza sauti. "Baba, nimeshamzika mara moja. Yumo mle, namsikia. Usinizikishe tena." Akakaa chini barazani akajifunika uso, na Kutu hata yeye asubuhi ile alikuwa ameweka sikio kwenye chuma.

Hata hivyo Kutu akaita wanaume wanne, wakalitoa jiko mpaka uwanjani, wakaenda zao. Kutu akaunganisha mtungi. Mvua ilikuwa imeacha unyevu kila mahali. Dirishani Pengo anachungulia, mashavu yamejaa, anamuuliza bibi yake, "We mama, unaitwa nani?"

Kutu akafungua gesi, akasikia inavuma. Akapiga njiti, imelowa. Akapiga nyingine, ikakatika. Akapiga zote, boksi likaisha. Akafunga gesi, akasimama na kiberiti kitupu mkononi, na kusema kweli moyo ukamtulia, akajiambia basi, hata kesho.

Ndipo ile sauti ndani ya oveni, pole pole, bila hata kugeuka, kama siku zote, ikamwambia:

"Kingine kipo mfuko wa shati, Kutu. Wa kushoto."

Akapapasa. Kipo. Kikavu.

Sasa yule alikuwa nani? Jini linamchezea, linajua mtu akiisikia sauti ile hana mkono wa kuwasha? Au ni mwanamke wake, amebaki kidogo tu mle ndani, anamwambia washa, mume wangu, mtoto asije akakusahau na wewe?

Kutu amesimama pale, njiti iko kwenye vidole vya kutu. Wewe ungewasha?