Mkono Juu ya Moyo wa Léopold

Picha ya kifua cha Léopold ilitoka na mkono ndani yake.

Colombe aliiona ikiwa bado imelowa, maji yakichuruzika kwenye pembe zake, akadhani ni michirizi ya dawa. Aliibandika kwenye sanduku la mwanga. Mbavu zilikuwa mahali pake, mapafu safi. Lakini juu ya moyo, pale alipotakiwa kuweka rula apime, palikuwa na vidole vitano vyembamba vilivyotandazwa, kama vya mtu anayefunika sufuria nzi wasiingie. Kila kifupa kilihesabika. Kwenye kidole kimoja palikuwa na pete.

“Kaseti ya filme ilipigwa mara mbili,” alisema Docteur Anaclet, akichungulia juu ya bega lake. “Asubuhi mulipiga mukono ya mugonjwa, halafu mukasahau kubadilisha filme.”

“Docteur, leo hatukupiga mukono hata moja.”

“Basi ni ya jana, citoyenne,” alimwambia, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoagiza watu waitane. “Weka pembeni. Itafaa kufundishia makosa.”

Ulikuwa mwaka wa 1976, na Colombe alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika mafunzo ya radio kwenye hospitali ile ya Bukavu. Radio ndivyo watu wa mji walivyoziita picha za mifupa na mapafu. Docteur Anaclet alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na swali moja kichwani. Vitabu vyote vilisema moyo wa mtu mzima usizidi nusu ya upana wa kifua chake, lakini mioyo iliyopimwa kwa ajili ya vitabu hivyo ilikuwa ya Wazungu wa nchi tambarare. Je, ya watu waliozaliwa milimani, wanaopanda na kushuka kila siku na mzigo mgongoni? Alitaka vifua mia mbili vya watu wazima wasio na ugonjwa, akawaambia wanafunzi wake walete ndugu na majirani. Colombe alimleta mume wake.

Léopold alikuwa fundi seremala, mtu mpole mwenye mabega mapana. Alikubali kwa sababu Colombe alimwambia ni radio ya mapafu.

Picha ile haikuwekwa pembeni. Docteur alipotoka, Colombe alirudi kuisoma kama alivyofundishwa: kwanza kingo, halafu mifupa, halafu viungo. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mwanamke mzima asiyewahi kulima wala kutwanga. Na pete ilikuwa imemkaa vizuri. Ya Colombe mwenyewe ilinunuliwa kwa haraka, ilikuwa kubwa, na tangu siku ya harusi aliivaa imezungushiwa uzi.

Alimkuta Léopold nyuma ya nyumba yao ya Kadutu akipiga randa ubao wa mlango.

“Léopold, uko na mwanamuke mwingine?”

Randa iliendelea. “Njo maneno gani hiyo, maman?”

“Kuko mukono juu ya moyo yako. Nimeiona kwenye radio. Mukono ya mwanamuke. Iko na pete.”

Randa ilisimama. Léopold hakucheka, hakukasirika, wala hakuuliza ni mkono gani. Alitazama nyuma yake kama mtu anayeogopa kusikiwa, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Colombe, ulitazama moyo yangu? Wewe ulisema ni mapafu.”

Mwenye wivu akiona hofu huiita hatia. Colombe aliingia ndani, akafunga mlango, akalia mpaka chakula kikaungua.

Juma lililofuata alimwambia Docteur anataka picha nyingine kwa ajili ya utafiti. Ulikuwa uongo. Léopold, aliyeogopa kukataa asije akatakiwa kueleza sababu, alimfuata, akavua shati, akabana kifua kwenye ubao baridi. “Vuta pumzi. Usipumue,” alisema Colombe, akabonyeza. Safari hii vidole havikuwa vimetandazwa tena. Vilikuwa vimekunjwa. Na moyo uliokuwa na sentimita kumi na mbili na nusu sasa ulikuwa na kumi na moja.

Docteur Anaclet hakuzungumza tena habari ya kusahau. Alikagua kaseti, akafungua sanduku jipya la filme, akazunguka mashine mara mbili. “Muende mupumzike,” aliwaambia wanafunzi, bila kumtazama mtu usoni. Picha zote mbili alizifungia kabatini mwake.

Kuanzia siku ile Léopold alianza kuwa na baridi. Saa sita mchana, jua likiwa kali, alikaa kizingitini na koti lake la mvua. Alipopanda kilima cha kanisa alisimama mara tatu kutafuta pumzi. Shuka zao zilinuka matope ya mtoni, ule ubichi wa majani yaliyooza chini ya mawe, na kila Colombe alipozifua na kuzianika, harufu ilirudi kabla hazijakauka.

Mtu mwingine angeacha. Colombe alitaka kuona uso. Kama kuna mkono, aliwaza, kuna bega, na kama kuna bega, kuna shingo na kichwa na macho ya huyo anayevaa pete isiyohitaji uzi. Siku ya Ijumaa, wenzake walipokwenda kula, alimleta Léopold kwa mara ya tatu, akainua mashine juu zaidi ili impate yule mwanamke hadi kichwani, akapiga. Kisha akamwambia mumewe aende nyumbani, akaingia na kaseti katika chumba cheusi cha kusafishia picha.

Aliwasha taa nyekundu. Alibana filme kwenye fremu yake, akaiteremsha katika beseni refu la dawa, na akasikia, mahali fulani chini, filme ikichomoka kwenye vibano na kuzama. Jambo hilo hutokea. Alikunja mkono wa blauzi mpaka begani, akaingiza mkono katika dawa kuitafuta, na dawa, ambayo kila siku ilikuwa vuguvugu, ilikuwa baridi kama maji yanayotoka chini ya mwamba. Bomba lilikuwa limefungwa, naye alilisikia likidondosha. Fremu zilizoning'inia ukutani zilianza kugongana, ti, ti, ti, bila upepo, kwa maana chumba kile hakikuwa na dirisha. Akagusa sakafu ya beseni, akapapasa, hakuna filme, akapapasa tena, na ndipo vidole vitano vilipoingia kati ya vidole vyake vitano, taratibu, kama vya shoga yake anayetaka kumwambia siri, vikamshika, na kimoja kikatambaa mpaka kwenye pete yake, kikaigeuza, kikaupata uzi, kikaufungua duara moja baada ya jingine bila haraka, kama mwanamke anavyokagua kitambaa cha mwenzake sokoni na kuona kwamba ni cha bei rahisi, huku harufu ya mto ikijaa chumba mpaka akawa anaionja ulimini, na pumzi yenye maji ikasema kwenye sikio lake neno moja tu:

“Ulichungulia.”

Hakukumbuka alivyotoka. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, filme mkononi, uzi haupo. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Hakukuwa na uso. Palikuwa na ngumi iliyofungwa, na ndani yake moyo mdogo kama wa mtoto.

Alikimbia mpaka Kadutu. Léopold alikuwa amelala chini karibu na meza yake ya kazi, midomo yake rangi ya majivu. Alimvuta kichwa mapajani.

“Sema,” alimnong'oneza. “Sema yote, sitakasirika.”

“Utakasirika.”

“Léopold, uko unakufa.”

Akasema, kwa vipande, akipumzika katikati ya maneno. Miaka saba nyuma, kabla hawajajuana, yeye na mafundi wenzake walikuwa wanatengeneza daraja la mbao kule Hombo, mbele ya Bunyakiri. Nguzo zilikatika, watu wanne wakaanguka mtoni. Watatu walikufa. Yeye alikaa chini ya maji muda ambao hakuna mtu anayeukaa, na katika giza lile sauti ya mwanamke ilimwambia atarudi juu kwa sharti moja: mwili ampe anayemtaka, lakini moyo usionwe na mwanamke mwingine.

“Mimi nilisema ndiyo,” Léopold alisema. “Nilifikiri, nani anaweza kuona moyo ya mutu?”

Kulikuwa na mama mmoja aliyefua nguo katika nyumba za mtaa wa Muhumba, Maman Godelive, mwenye rozari shingoni na mkono mwepesi wa kuwatibu watu walioingiliwa na majini ya maji. Colombe alimleta jioni ileile. Mama yule aliweka sikio kwenye kifua cha Léopold, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamvuta Colombe nje.

“Huyu mwanamuke ya mayi haibi bwana ya watu, mutoto wangu. Alikuachia mwili miaka tano, hakusema kitu. Wewe njo uliingia nyumba yake.”

“Sikujua, maman.”

“Mara ya kwanza haukujua. Na ya pili? Na ya tatu?”

Colombe aliigeuza pete yake, iliyokuwa imelegea bila uzi.

“Utarudisha picha zote kwa mayi yake. Na utasema kwa kinywa yako: ‘Sikuona kitu.’ Kisha hautasema neno ingine juu yake tena, hata siku moja, hata kwa padri.”

“Lakini niliona.”

“Unataka bwana, ao unataka haki?”

Asubuhi Colombe alivunja kufuli la kabati la Docteur Anaclet, akatoa zile picha mbili, akaziweka pamoja na ya tatu. Yeye na Maman Godelive walipanda lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu, wakapita Bunyakiri bila kushuka, wakafika Hombo jua likiwa la utosi. Mto ulikuwa mweusi chini ya miti. Colombe alisimama darajani, akatupa picha moja moja. Filme ni kitu chepesi, ingepaswa kuelea. Hizi hazikuelea. Kila moja ilisimama wima juu ya maji kidogo, kama barua inayosomwa, kisha ikavutwa chini.

“Sikuona kitu,” alisema Colombe. Akarudia: “Sikuona kitu.”

Waliporudi, Léopold alikuwa amekaa anakunywa uji. Mikono yake ilikuwa na joto.

Kwa sababu ya kufuli lile, Docteur Anaclet alilifuta jina la Colombe kwenye utafiti wake. “Wewe ulikuwa na jicho kupita wenzako wote,” alimwambia, na hilo lilimuuma kuliko kelele. Alimrudisha wodini, kwenye kazi yake ya zamani ya uuguzi. Colombe hakujitetea. Kwa majuma matatu alifunga mdomo wake, akamtazama mumewe akila, akinyanyua mbao, akipanda kilima cha kanisa bila kusimama, akasema moyoni kwamba alilipa na amepewa.

Jumapili moja, baada ya misa, walikuwa wanakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Léopold aliacha kula.

“Colombe. Siku ile ndani ya mayi nilisikia sauti tu. Kulikuwa giza. Miaka saba, simujue hata kidole.” Alimega tonge, akalishika tu. “Wewe njo ulimuona. Iko namna gani, ile mukono?”

Colombe alimtazama. Uso wa mumewe ulikuwa laini, macho yakimetameta kama ya kijana anayeuliza habari za msichana aliyehama mtaa. Katika miaka mitano ya ndoa hakuwahi kutazamwa hivyo, hata siku ile mbele ya padri. Alijua anachotakiwa kujibu. Maneno yalikuwa mawili tu, na alikuwa ameyasema darajani.

“Kama iko muzuri, sema tu,” alisema Léopold. “Sitauliza tena.”

“Iko mubaya,” alisema Colombe. “Niliiona vizuri. Imekunjamana kama muzizi ya muhogo. Mukono ya bibi kizee.”

Midomo ya Léopold ilikuwa imefungwa, tonge bado mkononi. Na kutoka ndani ya kifua chake, chini ya shati la Jumapili, ukatoka msonyo mrefu wa mwanamke aliyetukanwa mbele ya bwana wake.