Rubisi ya Pipa la Bati

Ndizi zilipoiva, nyumba ya Alistidia pale Ijumbi ilinukia vizuri. Mwanawe Datius alizikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, ndani ya mtumbwi mrefu uliochongwa kwa mti. Maji matamu yalipotoka, Alistidia aliyachuja, akachanganya mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mgomba. Yalipolala usiku mmoja, maji yale yalikuwa yamegeuka rubisi, pombe ya ndizi. Alistidia alikuwa mjane. Rubisi ndiyo iliyowavalisha watoto wake sare za shule.

Mwaka ule kijiji chao cha ujamaa kilimaliza kujenga ghala la kahawa. Mwenyekiti, Ndugu Rutashobya, alitaka sherehe kubwa. Akaleta pipa jipya la bati kutoka Bukoba, linang'aa.

"Ma Alistidia, rubisi ya wageni itie humu," alisema. "Mgeni wa wilaya asione tunachota kwenye gogo kama watu wa zama za watemi."

"Gogo hili halijamdhuru mtu, waitu," Alistidia alijibu kwa heshima.

"Na pipa limemdhuru nani? Sisi tunajenga nchi, wewe unaniletea habari za gogo."

Alistidia alionja rubisi mbele ya watu, kama desturi inavyomtaka mpikaji, kisha ikamiminwa pipani. Iliyobaki aliiweka nyumbani kwake, katika kibuyu.

Mvua ikaharibu barabara ya Muleba. Mgeni hakufika siku ile wala iliyofuata. Rubisi ikakaa pipani, ikachacha.

"Mwenyekiti, tuimwage. Nitapika nyingine," alisema Alistidia.

"Mali ya kijiji haimwagwi. Ikiwa kali, wanaume wataipenda zaidi."

Mgeni alifika. Watu wakanywa. Hotuba haijaisha, mtu wa kwanza alikimbilia migombani kutapika, kisha wa pili, kisha benchi zima. Mzee Karugendo alibebwa kwa machela hadi zahanati, ameshika tumbo.

Jioni ile Rutashobya alisimama mbele ya ghala. "Mpikaji ni mmoja," alisema. "Alionja, lakini yeye haumwi. Nawaachia mfikiri wenyewe."

Watu wakafikiri. Asubuhi yake Clotilda, jirani aliyekuwa akiazima moto kwake tangu ujana, alimwona kisimani akageuza njia. Watoto wa Clotilda walikatazwa kula kwa Alistidia. Jumapili baada ya misa mkutano ungeamua kama Alistidia afukuzwe kijijini.

Alistidia hakulia. Alifunga kitenge, akaenda moja kwa moja zahanati kwa Felicitas, muuguzi.

"Dada, niambie kweli. Nimewaua watu?"

"Hajafa mtu. Karugendo ameshaanza kugombana nami kwa sababu ya uji." Felicitas alimpa kiti. "Walisema rubisi ilikuwa na ladha gani?"

"Kama kulamba sarafu."

"Ilikaa ndani ya nini?"

Alistidia alimweleza yote. Felicitas aliinuka. "Ulionja kabla haijaingia pipani?"

"Kabla. Na ya kibuyu ninakunywa hadi leo. Imechacha tu."

"Basi sikiliza. Ndizi ina sukari. Hamira ya asili iliyomo humo huigeuza sukari kuwa kileo. Ukikiacha kileo kwenye hewa, vijidudu vingine hukigeuza kuwa asidi ya siki. Ndiyo maana rubisi ya siku nyingi ni chachu. Asidi hiyo ina ndugu zake, ni ukoo mmoja. Mmoja yumo kwenye maziwa mgando, mmoja kwenye limau. Mwingine wanao wale sisimizi majimoto wanaokuunguza ukichuma kahawa."

"Mbona limau halituui?"

"Kwa sababu asidi hizo ni dhaifu, na matumbo yetu yamezizoea. Lakini hula bati. Bati lile limepakwa zinki ndipo likang'aa. Asidi imeiyeyusha zinki, ikaingia kwenye kinywaji. Watu wamekunywa zinki, nayo hutapisha."

Alistidia akasema polepole, "Kwa hiyo lile pipa lake ndilo lililowatapisha, na mimi ndiye nifukuzwe."

"Usiniambie mimi. Tuwaonyeshe wao."

Jumamosi, mbele ya wazee wawili wa kijiji, Felicitas aligawa rubisi ya kibuyu. Nusu aliitia kwenye chungu, nusu kwenye ndoo mpya ya bati. Akafunika vyote na kumwachia Karugendo, aliyekuwa amepona, avilinde. Mzee huyo hakuhitaji kubembelezwa.

Jumapili mkutano ulijaa. Alistidia alisimama peke yake, hakuna aliyemsogelea. Felicitas alimwaga rubisi ya ndoo chini, akainua ndoo juu. Ndani, hadi pale rubisi ilipofika, bati lilikuwa limefifia kama majivu. Juu ya hapo lilikuwa bado linang'aa.

"Mng'aro umekwenda wapi?" aliuliza Karugendo. "Mimi najua ulikokwenda. Nilikuwa nao tumboni."

Watu walicheka. Felicitas akaonyesha chungu, hakijabadilika. Akawaeleza: kitu chachu, kiwe rubisi, siki, maziwa mgando au maji ya limau, kiwekwe kwenye mti, chungu, kibuyu au chupa. Kisiwekwe kwenye bati la zinki wala shaba. Pipa la bati ni la maji.

Rutashobya alikohoa. "Vizuri. Tumejifunza. Mama, mambo yamekwisha."

"Hayajaisha," alisema Alistidia. Sauti yake haikupanda. "Nilikuambia tuimwage, ukakataa. Ulinishutumu mbele ya watu hawa hawa. Usinisafishe pembeni."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake, kisha watu. "Pipa nilileta mimi," alisema. "Kumwaga alitaka yeye, nikakataa mimi. Ma Alistidia hana kosa. Mimi ndiye mwenye kosa."

Tangu siku hiyo pipa lilikinga maji ya mvua ghalani. Rubisi ilirudi kwenye mtumbwi na vyungu. Na inayochacha Alistidia haimwagi tena. Felicitas alimfundisha kuitia kwenye chupa za mdomo mpana, akifunika kwa kitambaa safi ili hewa iingie, nzi wasiingie. Baada ya wiki kadhaa huwa siki. Padma, mwenye duka mjini Bukoba, huinunua kwa ajili ya achari za embe na pilipili, ambazo asidi huzizuia zisioze. Alistidia mwenyewe huitumia kusugua birika lake lenye ukoga.

Mwezi mmoja baadaye Clotilda alikuja na chupa tupu. Alisimama mlangoni.

"Wanasema siki yako ni nzuri, waitu."

"Ni nzuri."

Alistidia alimjazia chupa, akaifunga vizuri, akampa kwa mikono miwili. Hakumwambia karibu ndani.