Taa ya Mwalimu

Meza ya kioo iliwaka, na darasa la wanafunzi arobaini na wawili likatokea juu yake kama kundi la vimulimuli. Kila nukta ya mwanga ilikuwa mwanafunzi mmoja. Nukta ya kijani ilimaanisha anaelewa, ya manjano anahangaika. Ikififia, ameshapotea.

"Dakika ya kumi na nane," alisema Dkt. Andwele Mwasumbi, mwalimu wa sheria, huku akitelezesha kidole pembeni mwa kioo.

Nukta zikaanza kufifia, moja moja, kisha kwa mafungu. Dkt. Semeni Shekivuli, ambaye somo lile la mwendo wa maji kwenye mabomba lilikuwa lake, aligeuza uso.

Kifaa hicho kiliitwa kioo-fahamu, na miaka ile kilikuwa kimefungwa katika kila ukumbi wa chuo chao jijini Dodoma. Mwanafunzi alibandika kibandiko chembamba nyuma ya sikio, basi. Hakikusoma mawazo, kilipima tu jinsi ubongo unavyojishughulisha. Wastani wa kila mwalimu ulikwenda ofisi ya taaluma, na aliyeshuka mihula miwili mfululizo, somo lake lilipewa mwalimu-mtambo, mashine isiyochoka wala kukasirika. Semeni alikuwa na muhula mmoja mbaya tayari.

Ndiyo maana walimu watatu walikuwa wameanzisha kikundi cha kufundishana. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana walijifungia kwenye chumba kidogo karibu na maktaba, wakafungua somo la mmoja wao na kulitazama pamoja. Sharti lilikuwa moja tu: kinachoonekana mle hakitoki nje.

"Mama Shekivuli, hebu rudisha tena hapo," alisema wa tatu wao, Profesa Kamugisha, mwalimu wa mimea, aliyesifiwa chuo kizima. Walisikiliza sauti ya Semeni ikienda mbio bila kituo. "Hapo hupumui," Profesa alisema kwa upole.

"Nikinyamaza wananitazama, Prof. Nahisi kama wamegundua kwamba sijui."

"Lakini unajua."

"Kwako ni rahisi kusema!" Semeni alishindwa kujizuia. "Miezi saba tunakutana hapa. Langu limefunguliwa mara kumi na nne, la Andwele mara kumi na tano. Lako hata mara moja!"

Andwele alikohoa, akajifanya anafuta kioo.

"Jumatano ijayo," Profesa alisema hatimaye, "langu."

Siku hiyo alikuja amevaa tai. Darasa lake lilipowashwa, karibu nukta zote zilikuwa za kijani. Dakika ya saba, akiwa ameshika tawi lenye majani makavu mbele ya wanafunzi, alinyamaza. Kimya kikawa kirefu. Nukta ziligeuka manjano, kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Msandali, Profesa." Mwenzake akabisha: ajuaje? "Tazama ukingo wa jani, hauna meno. Na harufu yake." Ukumbi mzima ukaingia kwenye ubishi ule, na kijani kikarudi kimekolea kuliko mwanzo.

"Unawaachia nafasi wafikiri," Semeni alisema kwa kijicho kidogo. "Umejifunzia wapi?"

"Washa na taa ya mwalimu."

Walimu nao walivaa kibandiko, ila hakuna aliyewahi kujali kuiwasha taa yao. Andwele aligusa kioo, akalirudisha somo. Nukta nyeupe ilitokea mbele ya darasa. Ilipofika dakika ya saba, ilizimika kabisa. Binti aliposema "msandali", ikawaka tena.

"Sikuwaachia nafasi," alisema Profesa. "Jina lilinitoka. Mti niliofundisha miaka thelathini na mmoja. Daktari aliniambia mwezi wa tatu kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na ndiyo kwanza unaanza."

"Wanafunzi wanajua?" Andwele aliuliza.

"Niliwaambia wiki ya kwanza. Wakasema watakuwa wananikumbusha. Sasa wanasoma kabla ya kuja, wasije wakaniacha nimesimama pale."

Semeni alimshika mkono. "Nisamehe, Prof."

"Ulisema kweli. Niliwaogopa ninyi kuliko ofisi." Alivuta pumzi. "Lakini itafika siku watakuwa hawajifunzi, wananibeba tu. Mimi sitaiona siku hiyo. Ninyi mtaiona hapa mezani. Mniambie."

"Usitupe kazi hiyo, Prof.," Andwele alisema.

"Nimpe nani? Ofisi itaniandikia barua."

Wiki iliyofuata Semeni aliwauliza wanafunzi wake swali, akanyamaza. Alihesabu moyoni hadi kumi na mbili. Kijana wa nyuma kabisa akainua mkono. Jibu lake lilikuwa baya, lakini lilizaa maswali matatu mazuri. Nukta nyingine ziliendelea kufifia, muhula ule na uliofuata, ila wastani ulipanda kiasi cha kumbakiza darasani.

Profesa alifundisha miezi tisa zaidi. Kisha ikaja Jumatano ambayo taa nyeupe ilizimika dakika ya tatu, ikarudi dakika ya kumi na moja. Nukta za wanafunzi zote zilikuwa za manjano. Hawakuwa wakihangaika na somo. Walikuwa wakimhangaikia yeye.

Andwele aliinuka, akasimama dirishani akiwapa mgongo. Semeni alisogeza kiti chake karibu.

"Baba," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Inatosha."

Profesa aliitazama meza kwa muda mrefu.

"Leo wamejifunza chochote?"

"Leo hapana. Wiki iliyopita walijifunza."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Nililitazama somo lile mara mbili."

Mzee aliegemea kiti, mabega yakalegea, akatabasamu kidogo.

"Basi nimezidisha wiki moja tu," alisema. "Nilidhani nimezidisha mwaka."